Kutoka Bukoba hadi Beho Beho: Wasifu wa Frederick Courteney Selous na Vita vya 1914–1918 kati ya Ziwa Viktoria na Rufiji

1.0 Utangulizi

Wasifu ni utanzu wenye mvuto mkubwa na hatari kubwa. Mvuto wake unatokana na kwamba msomaji humfuata mtu mmoja tangu kuzaliwa hadi kufa, na kwa njia hiyo huuelewa wakati mzima alioishi mtu huyo. Hatari yake imo katika mvuto huo huo: mtu mmoja anapowekwa mbele, wengi walioishi naye, waliombebea mizigo na waliokufa karibu naye husahauliwa. Hatari hii huongezeka pale ambapo mhusika ni mtu wa dola iliyotawala, ambaye barua na vitabu vyake vimehifadhiwa, ilhali walioishi naye hawakuacha maandishi yoyote.

Makala haya yanachunguza maisha ya Frederick Courteney Selous (1851–1917), Mwingereza aliyekuwa mwindaji, mwandishi na hatimaye askari wa miguu, ambaye jina lake lilipewa hifadhi kubwa ya wanyama kusini mashariki mwa Tanzania. Mkazo umewekwa katika miezi ishirini ya mwisho ya maisha yake, yaani kuanzia Mei 1915 hadi Januari 1917, alipotumika katika batalioni ya 25 ya Royal Fusiliers. Kipindi hiki kilianzia, kwa upande wa mapigano makubwa, katika pwani ya magharibi ya Ziwa Viktoria, kikapitia mahandaki ya Maktau, na kikaishia kaskazini ya Mto Rufiji. Waandishi wengi wa maisha yake wamekitazama kama tamati inayostahili ya maisha ya shujaa. Hoja yetu ni kwamba kipindi hicho hakiwezi kueleweka kwa kumtazama shujaa peke yake. Vita alivyopigana viliamuliwa na meli, reli, maji, dawa na posho, na zaidi ya yote na vichwa na mabega ya wapagazi.

Huenda msomaji akauliza kwa nini mtu huyu ajadiliwe na wanafunzi wa Kiswahili. Kuna sababu mbili. Kwanza, watafiti wengi wamemhusisha Selous na Allan Quatermain, mwindaji aliyebuniwa na H. Rider Haggard katika riwaya iliyotoka mwaka 1885. Riwaya hiyo ilitafsiriwa kwa Kiswahili na Frederick Johnson mwaka 1929 kwa jina la Mashimo ya Mfalme Sulemani, na ikasomwa na vizazi vya wanafunzi wa Afrika ya Mashariki. Hata kama uhusiano huo hauwezi kuthibitishwa kwa kila kipengele, ni dhahiri kwamba mfano wa mwindaji mweupe aliyeijua nyika kuliko wenyeji umeingia katika usomaji wa Kiswahili, na Selous ni mmoja wa watu walioupa mfano huo mwili. Pili, vita vilivyomuua viliacha maneno katika lugha yetu ambayo tunayatumia bila kukumbuka asili yake. Tutayarejea baadaye.

2.0 Maisha kabla ya vita

Selous alizaliwa London tarehe 31 Desemba 1851 katika familia yenye nafasi, akasoma katika shule ya Rugby, na mwaka 1871, akiwa na umri wa miaka 19, akashuka kusini mwa Afrika kutafuta pembe za ndovu. Mwaka uliofuata alipata ruhusa ya Lobengula, mfalme wa Wandebele, ya kuwinda katika nchi yake. Kitabu chake cha kwanza kuhusu safari za uwindaji kilichapishwa mwaka 1881 na kumpatia jina Uingereza. Vingine vilifuata.

Sifa ya mwindaji haipaswi kutenganishwa na kazi ya dola. Njia ambazo Selous alizijua kwa sababu ya tembo ndizo alizozitumia mwaka 1890 alipowaongoza walowezi wa kampuni ya Cecil Rhodes kuingia Mashonaland, na alishiriki pia katika vita dhidi ya Wandebele vya 1893 na 1896. Kwa maneno mengine, aliyemkaribisha alikuwa Lobengula, na aliyefaidika na maarifa yaliyotokana na ukarimu huo alikuwa Rhodes. Baadaye Selous aliishi Worplesdon, Surrey, alikokuwa na jumba la kuhifadhia wanyama aliowaua. Alikuwa rafiki wa Theodore Roosevelt, na alimsaidia kuandaa safari yake ya uwindaji ya mwaka 1909 katika Afrika ya Mashariki. Vita vilipozuka mwaka 1914 alikuwa mzee mwenye jina, familia na makazi ya raha.

3.0 Vita vinafika ziwani

Ili kuielewa Bukoba ya Juni 1915, ni lazima kwanza kulielewa ziwa lenyewe. Mpaka wa madola ulikuwa umechorwa juu ya maji: kaskazini palikuwa na Waingereza, na kusini Wajerumani, wakiwa na vituo vyao vya Bukoba, Mwanza, Musoma na Shirati. Hata hivyo nguvu za pande hizo mbili hazikulingana. Waingereza walikuwa na reli iliyofika Kisumu kutoka Mombasa tangu mwaka 1901, na kwa reli hiyo walikuwa wameleta meli kwa vipande na kuziunganisha ufukweni. Winifred, Nyanza, Usoga na Rusinga ni baadhi ya meli zilizogeuzwa kuwa za kivita kwa kuwekewa mizinga. Wajerumani walitegemea meli yao ndogo iliyoitwa Muansa, pamoja na mashua na mitumbwi.

Mwanza ilikuwa bandari kuu ya Wajerumani ziwani, yenye boma na mtambo wa simu ya upepo. Lakini haikuwa na reli. Reli ya kati ilikuwa imefika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na tawi la kutoka Tabora lilifika Mwanza mwaka 1928 tu, wakati wa utawala wa Waingereza. Kwa hiyo kila risasi iliyokwenda Mwanza kutoka Tabora na kila gunia lililotoka Mwanza kwenda Tabora lilipita nchi ya Wasukuma na Wanyamwezi likiwa kichwani mwa mtu. Kisiwa cha Ukerewe, alikozaliwa mwandishi Aniceti Kitereza mwaka 1896, kilikuwa na thamani ya kijeshi kwa sababu ya mchele wake. Ramani ya vita vya ziwani ilikuwa, kwa kiasi kikubwa, ramani ya chakula na vyombo vya kukichukulia.

Mnamo Septemba 1914 Wajerumani walivuka mpaka mashariki mwa ziwa na kupigana na Waingereza Kisii. Mnamo Novemba mwaka huo meli ya Kiingereza iitwayo Sybil iligonga mwamba karibu na Majita, ikabaki huko hadi ilipookolewa mwaka 1915. Magharibi mwa ziwa, kando ya Mto Kagera, majeshi yalitazamana kutoka katika ngome na mahandaki kwa karibu miaka miwili. Hapakuwa na upande uliosonga mbele sana. Doria zilivuka mto usiku, zikachoma, zikakamata watu, zikarudi. Wakazi wa kando ya mto huo ndio walioishi na vita hivyo kila siku.

Katika hali hiyo ya kukwama, makamanda wa Uingereza waliamua kuishambulia Bukoba kutoka majini. Shabaha yao ilikuwa kuuharibu mtambo wa simu ya upepo uliokuwa hapo, na pia kuwapa moyo askari wao, ambao tangu kushindwa Tanga mnamo Novemba 1914 walikuwa hawajapata ushindi wa kutajika.

4.0 Bukoba, Juni 1915

Selous aliomba kuingia jeshini mara tu vita vilipoanza, akakataliwa kwa sababu ya umri. Nafasi ilipatikana mwanzoni mwa 1915, Kanali Daniel Patrick Driscoll alipounda batalioni ya 25 ya Royal Fusiliers kutokana na watu waliozoea maisha ya porini: wawindaji, wasafiri, wachimbaji madini, na askari wa zamani wa majeshi mbalimbali. Batalioni hiyo, yenye watu zaidi ya 1,000, ilipelekwa vitani bila kupitia mafunzo ya kawaida, kwa kudhaniwa kwamba maisha yenyewe yalikuwa yamekwisha kuwafunza. Ilishuka Mombasa mapema Mei 1915. Selous alikuwa luteni mwenye umri wa miaka 63.

Katikati ya Juni batalioni ilisafirishwa kwa reli hadi Kisumu. Hapo iliungana na Loyal North Lancashire, kikosi cha Wapunjabi kutoka Uhindi, askari wa King's African Rifles na mizinga ya milimani, wote wakiwa kati ya 1,500 na 2,000 chini ya Brigedia Jenerali J. M. Stewart. Lilikuwa jeshi la lugha nyingi. Waingereza, Wahindi na Waafrika walipakiwa katika meli hizo za ziwani na kuondoka Kisumu tarehe 20 Juni.

Usiku wa kuamkia tarehe 22 Wajerumani waliziona meli na kurusha fataki za tahadhari. Kwa hiyo Stewart aliacha mpango wa kushuka karibu na mji. Alfajiri askari waliteremshwa maili chache kaskazini ya Bukoba, chini ya mwinuko mkali ambao watetezi hawakutarajia kwamba ungepandwa. Fusiliers walipanda wakiwa na bunduki na risasi zao, Selous akiwa miongoni mwao. Siku nzima mapigano yaliendelea kutoka kilima hadi kilima, katikati ya miamba na migomba. Usiku huo walilala kileleni katika baridi, bila makoti mazito na wakiwa na chakula kidogo. Siku ya pili walivuka kinamasi na kuufikia mji alasiri. Luteni Wilbur Dartnell, Mwaustralia wa batalioni hiyo, ni miongoni mwa waliotajwa kuishusha bendera ya Kijerumani. Mtambo wa simu ya upepo ulivunjwa, ghala za silaha zikachomwa.

Kisha mji uliporwa. Jambo hili limeelezwa na washiriki kadhaa, ijapokuwa taarifa rasmi zililipitia harakaharaka. Askari walirejea melini wakiwa na nguo za maofisa wa Kijerumani, vinywaji, vyombo vya nyumbani na hata ndege wa kufugwa. Waandishi wengi wamelisimulia tukio hilo kwa mzaha, kana kwamba ni utundu wa wanaume wakubwa. Msomaji makini anapaswa kuuliza mali hiyo ilikuwa ya nani na nyumba zilizoungua zilikuwa za akina nani, kwa kuwa Bukoba haikuwa ya Wajerumani tu. Palikuwa na wafanyabiashara wa Kihindi na Waswahili, na mji wenyewe ulizungukwa na migomba na makazi ya Wahaya. Katika masimulizi ya uporaji huo wenye mji hawamo.

Hapa ni muhimu kutaja tatizo la ushahidi. Baadhi ya visa vinavyorudiwa mara nyingi kuhusu Bukoba, na hata kuhusu kifo cha Selous, vimetoka katika shajara za Richard Meinertzhagen, aliyekuwa ofisa wa upelelezi wa Kiingereza. Uchunguzi uliofanywa na wataalamu mbalimbali, hasa ule wa Brian Garfield uliochapishwa mwaka 2007, umeonyesha kwamba Meinertzhagen alizusha na kuyatia chumvi mambo mengi. Kwa hiyo visa hivyo havifai kutumiwa pale ambapo haviungwi mkono na mashahidi wengine.

Askari wa Stewart waliondoka baada ya siku mbili. Wajerumani wakarudi Bukoba na kukaa humo kwa karibu mwaka mmoja zaidi. Kwa upande wa dola, Bukoba ilikuwa ushindi wa magazetini. Kwa upande wa wakazi, lilikuwa somo kwamba jeshi linaweza kuja, kuchoma na kuondoka, na kuwaacha wenyeji na watawala wale wale.

5.0 Mahandaki ya Maktau na Mgeta

Kutoka ziwani batalioni ilirudishwa mashariki, katika nyika kavu iliyo kati ya Voi na Taveta, ambako Waingereza walikuwa wakijenga reli ya kijeshi kuelekea Kilimanjaro. Kambi ya Maktau ilizungushiwa mahandaki na ua wa miiba. Maji yaliletwa kwa taabu, vumbi halikuisha, na kila usiku doria za Wajerumani zilijipenyeza kutega baruti relini. Tarehe 3 Septemba 1915, karibu na Maktau, Dartnell, yule yule wa Bukoba, aliuawa baada ya kukataa kuwaacha majeruhi wake. Alitunukiwa nishani ya Victoria Cross akiwa amekwisha kufa. Selous alipandishwa kuwa kapteni mnamo Agosti mwaka huo. Katika saa za mapumziko alikusanya vipepeo, na barua zake zinaonyesha mtu aliyevumilia maisha ya kambini vizuri kuliko vijana wengi.

Mahandaki haya hayakufanana na yale ya Ufaransa. Kule majeshi yalikaa yakitazamana kwa hatua chache, na mizinga ikaua maelfu kwa siku moja. Huku mahandaki yalikuwa mafupi, kichaka kilimficha adui, na siku nyingi zilipita bila risasi kulia. Aliyeua zaidi alikuwa malaria, kuhara damu, homa nyingine na njaa. Katika batalioni ya 25 wagonjwa waliwazidi majeruhi kwa mbali sana, na kufikia mwisho wa 1916 ni sehemu ndogo tu ya wale waliotoka Uingereza iliyoweza kusimama katika safu. Aliyekuwa na miaka 64 aliendelea kutembea kwa sababu kwa zaidi ya miaka arobaini alikuwa amejifunza namna ya kula, kunywa na kupumzika porini. Wasifu wa kishujaa humsifu Selous kwa ujasiri, lakini kilichombakiza hai ni ujuzi, na sehemu kubwa ya ujuzi huo aliupata kwa Waafrika aliosafiri nao.

Ugumu mkubwa zaidi ulikuwa uchukuzi. Mbung'o waliwaua farasi, nyumbu na maksai kwa maelfu, na mvua zilipoanza magari yalikwama. Ikabaki kazi ya vichwa vya watu. Hesabu ya kazi hiyo ni rahisi, nayo ni ya kutisha. Tuchukulie mpagazi aliyebeba kilo 25 za posho na aliyekula kilo moja kwa siku. Akienda siku kumi na kurudi siku kumi, anakula kilo ishirini njiani na kuwafikishia askari kilo tano tu. Kadiri jeshi lilivyosonga mbele, ndivyo wapagazi walivyohitajika zaidi, na ndivyo posho yao wenyewe ilivyopunguzwa ili askari wapate. Wengi walipewa unga wasioujua kuupika au usioiva vizuri, wakaugua matumbo, wakafia njiani.

Mnamo Machi 1916 batalioni ilishiriki mashambulizi ya kuzunguka Kilimanjaro kutoka Longido, kisha ikateremka bonde la Pangani. Katikati ya mwaka huo Selous alirudishwa Uingereza kufanyiwa upasuaji. Alipokuwa huko, vita vya ziwani vilimalizika bila yeye. Jeshi la Ziwa, chini ya Brigedia Jenerali Charles Crewe wa Afrika Kusini, liliiteka Ukerewe mnamo Juni 1916. Wajerumani wakaondoka Bukoba, na tarehe 14 Julai Waingereza wakaingia Mwanza. Wengi wa askari wa jeshi hilo hawakuwa Wazungu: walikuwa Wahindi, askari wa King's African Rifles na vikosi kutoka Uganda, wakiwemo Waganda. Watetezi wa Mwanza walikimbilia kusini kwa njia ya Tabora, mji ambao Wabelgiji waliuteka tarehe 19 Septemba.

Kwa watu wa Mwanza kutekwa huko hakukuwa mwisho wa vita. Upagazi uliokuwa kazi ya heshima kwa Wasukuma na Wanyamwezi katika karne ya kumi na tisa, kazi ya kijana kuonyesha kwamba ameiona pwani, uligeuzwa kuwa shurutisho. Utawala mpya ulihitaji wachukuzi kwa ajili ya mapigano yaliyokuwa yamehamia kusini, mbali na ziwa, na wilaya zilizokuwa zimetekwa zilitakiwa kuwatoa. Hivyo mstari unaounganisha Mwanza na Rufiji, ambao katika wasifu wa Selous ni safari ya mtu mmoja, katika historia ya kanda ya ziwa ni safari ya maelfu.

Kuanzia Septemba 1916 jeshi la Uingereza lilikwama tena, safari hii katika Mto Mgeta, kusini ya milima ya Uluguru. Pande zote mbili zilichimba mahandaki na kusubiri mvua, chakula na askari wapya. Hali ya batalioni ya 25 ilikuwa mbaya. Ni katika mahandaki hayo ambamo Selous, aliyekuwa ametunukiwa nishani ya Distinguished Service Order mnamo Septemba, aliwakuta wenzake waliosalia mwezi Desemba. Hakuna aliyemlazimisha kurudi.

6.0 Beho Beho

Mashambulizi ya kuvuka Mgeta yalianza tarehe 1 Januari 1917. Brigedi ya Kwanza ya Afrika ya Mashariki, chini ya Brigedia Jenerali S. H. Sheppard, ilitumwa kuzunguka na kuziba njia ya vikosi vya Kapteni Ernst Otto vilivyokuwa vikirudi nyuma kuelekea Rufiji. Tarehe 4 Januari pande hizo zilikutana Beho Beho. Selous aliongoza kombania yake mbele katika ardhi yenye miinuko midogo na vichaka. Alipokuwa akijaribu kuona risasi zilikotoka, alipigwa risasi ya kichwa na kufa papo hapo. Siku nne kabla yake alikuwa ametimiza miaka 65. Alizikwa karibu na mahali alipoanguka, pamoja na askari wengine waliouawa siku hiyo. Mwaka mmoja baadaye, tarehe ile ile ya 4 Januari, mwanawe aliyekuwa rubani wa kivita naye aliuawa.

Masimulizi ya kifo hicho yanamtaja pia Ramazani, Mwafrika aliyembebea bunduki, kuwa naye aliuawa katika mapigano hayo. Masimulizi yanayosomwa zaidi yanampa jina hilo moja tu, bila baba, bila ukoo, bila kijiji. Adui mwenyewe, Paul von Lettow-Vorbeck, alimkumbuka Selous kwa heshima katika kumbukumbu zake. Kati ya watu wawili waliokufa mahali pamoja, mmoja alisifiwa hata na waliomuua, na mwingine hatuwezi hata kusema msiba wake ulipelekwa wapi.

Batalioni nayo haikuishi muda mrefu baada ya hapo. Ilipelekwa Afrika Kusini kupumzishwa, ikarudishwa kupitia Lindi, na ikavunjika katika mapigano ya Mahiwa ya Oktoba 1917.

7.0 Jina baada ya mtu

Mwaka 1922 serikali ya Uingereza iliipa hifadhi iliyokuwa ikijumuisha eneo hilo jina la Selous. Chimbuko la hifadhi lilikuwa amri za Wajerumani za mwaka 1896 zilizotolewa na Gavana Hermann von Wissmann. Lakini nchi hiyo haikuwa tupu tangu mwanzo. Vita vya Maji Maji vya 1905–1907 na njaa iliyofuata viliua na kutawanya watu, na baadaye, hasa katika miaka ya 1940, utawala wa Kiingereza uliwahamisha wakazi wengine kwa sababu ya malale, huku mipaka ya hifadhi ikipanuliwa. Jina la mwindaji mmoja likafunika nchi iliyokuwa na makaburi, mashamba na majina yake yenyewe. Hifadhi hiyo iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1982. Mwaka 2019 sehemu yake ya kaskazini ilitengwa na kuwa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, ilhali sehemu iliyobaki iliendelea kuitwa Selous. Kutokana na mabadiliko hayo, kaburi la Selous sasa limo katika hifadhi yenye jina la Mwalimu.

Wapagazi hawakupewa hifadhi. Takwimu za Uingereza zenyewe zilihesabu zaidi ya 90,000 waliokufa wakiitumikia, na wataalamu wengi wanaona kwamba idadi hiyo ni ndogo kuliko ukweli. Taarifa iliyotolewa mwaka 2021 na Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hadi 350,000, wengi wao wa Afrika na Mashariki ya Kati, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Sanamu ya Askari ya Dar es Salaam, iliyosimamishwa mwaka 1927 na kuandikwa kwa Kiingereza, Kiswahili na Kiarabu, ni ya mtu mwenye bunduki. Mwenye mzigo hana sanamu mahali hapo.

Hata hivyo lugha ilimkumbuka. Kambi ya Carrier Corps iliyowekwa Dar es Salaam baada ya mji huo kutekwa mnamo Septemba 1916 ndiyo iliyozaa jina la Kariakoo, kama vile Kariokor ya Nairobi. Askari wa King's African Rifles wakawa Keya, neno lililoundwa na Waswahili kutokana na herufi tatu za Kiingereza. Maneno haya hayakubuniwa na kamati yoyote ya lugha. Waliyaunda watu waliosikia jina la kigeni, wakalikata kwa kinywa chao na kulifanya lao. Mamilioni hulitamka neno Kariakoo wanapokwenda sokoni, na kila mara wanawataja, bila kujua, watu wale ambao wasifu haukuwataja.

8.0 Hitimisho

Tumeonyesha kwamba miezi ishirini ya mwisho ya Selous si hadithi ya mtu mmoja. Bukoba ilitekwa na meli na askari wa mataifa matatu, Maktau na Mgeta yalikuwa mashindano ya maji, posho na maradhi, na Beho Beho ilifikiwa kwa migongo ya watu. Kusema hivyo hakumwondolei Selous haki yake. Alikuwa mzee aliyeweza kubaki nyumbani, akarudi mara mbili, na akafa mbele ya askari wake badala ya nyuma yao. Lakini pia alikuwa mtu aliyetumia ukarimu wa wenyeji kuwafungulia njia waliowanyang'anya nchi. Wasifu unaoacha mojawapo ya mambo haya mawili ni nusu wasifu.

Kazi inayobaki ni ya watafiti vijana, nayo ina uharaka wake. Walioiona meli ya kwanza ya kivita ikiingia Mwanza au moshi wa Bukoba wamekwisha kufa, lakini wajukuu na vitukuu wao wanaishi Ukerewe, Kyaka, Bukoba na vijiji vya Usukuma, na baadhi wanakumbuka nyimbo za safari na majina ya waliochukuliwa wasirudi. Mapadri wa White Fathers waliandika shajara za misheni zao, kama za Bukumbi, Rubya na Kagunguli, na shajara hizo zinaweza kulinganishwa na masimulizi ya wenyeji kijiji kwa kijiji. Anayeanza leo anaweza kuanza na swali dogo: katika ukoo huu, nani alikwenda kariakoo, aliondoka na nani, na habari zake zilifika lini? Majibu machache ya namna hiyo, yakiandikwa kwa majina kamili, yataanza kumrudishia Ramazani na wenzake wasifu wao.